Nyuzi Tatu za Kisanduku cha Maji

Mume wangu Hamadi Tambwe alikuwa fundi wa redio hapa Kindu, na kama uliwahi kumpelekea redio yako unajua tabia yake. Ungemweleza ugonjwa wake mpaka koo likauke, wala hakusikilizi. Yeye alikuwa anaisikiliza redio. Ataiweka sikioni ikiwa imezimwa, ataitikisa, atainusa mgongoni, kisha atakwambia, "Rudi Jumamosi." Jumamosi ukirudi, anasema Jumatano. Watu walimtukana, mimi nikiwa wa kwanza, lakini hawakumhama, maana fundi mwingine hakuwapo.

Ufundi aliupata kwa Mgiriki mmoja mwenye duka karibu na stesheni, aliyemwajiri kufagia. Serikali ilipochukua maduka ya wageni, Mgiriki aliondoka na sanduku moja la nguo, akamwachia Hamadi vitu viwili: kipima umeme cha sindano na chuma cha kulehemu. Chuma kilitaka umeme, na umeme wetu ulikuwa wa bahati nasibu. Basi Hamadi akakata waya wake, akawa anakichoma kwenye makaa ya mbabula yangu. Nimepika wali wa Kibombo ukanuka risasi. Nimegomba, nimenuna, nimeficha mbabula kwa jirani. Alikwenda kuifuata huko huko kwa jirani.

Kazi nyingi za Hamadi zimeshasahaulika. Lakini moja siwezi kuisahau, nayo ni ya Januari 1988, na ilianza na Kalume kusimama mlangoni kwetu ndani ya abakosi yake, ile suti ya wakubwa wa serikali, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa.

Kalume alikuwa mkubwa wa mradi wa kupima mito. Alibatizwa Ferdinand, jina likaachwa kwa amri ya nchi iliyokataza majina ya Kizungu, lakini majivuno ya Ferdinand yalibaki.

"Citoyen Hamadi," akasema, "iko kazi ya taifa."

"Kazi ya taifa njo ile ya bure," nikamjibu kutoka jikoni.

Alijifanya hakusikia. "Kule mtoni iko kisanduku ya kupima maji. Kinshasa wanataka hesabu yake. Mashini ya kuisomea iko kwa biro. Waya ya kuunganisha njo haiko. Muzungu wa mradi alienda nayo Ulaya."

"Na karatasi ya kuonyesha nyuzi?" Hamadi akauliza.

"Muchwa walikula." Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Kisanduku itasema vilevile Sumaili aliacha kazi siku gani. Nitaandika ripoti, tumalize neno yake."

Hapo nikatoka jikoni na mwiko mkononi, kwa sababu Sumaili alikuwa jirani yetu na mume wa rafiki yangu Mwanvua.

Sumaili alikuwa mlinzi wa kipimo hicho. Chini ya bandari, ukingo unaposhuka kwa ngazi za mawe, mradi ulijenga kijumba cha matofali ambacho mbuzi wawili wangebanana. Ndani yake kulikuwa na kisanduku cha chuma cha kijivu. Nje, majini, kulikuwa na kidebe cha kuelea kilichofungwa kwa waya wa chuma, na waya huo ulipanda hadi kijumbani ukazunguka gurudumu dogo. Maji yakijaa, kidebe kinapanda, yakipungua, kinashuka. Kila robo saa kisanduku kilipiga *tik*, kama kidole kikigonga mlango mara moja, na kuweka kipimo kwenye kumbukumbu yake. Wanawake waliokwenda kufua pale hawakuipenda sauti hiyo, wakahamia juu zaidi.

Kazi ya Sumaili ilikuwa kwenda kila jioni kuhakikisha. Alisoma kwa macho yake alama za kina zilizopakwa rangi kwenye nguzo, akazungusha vigurudumu vitatu vya tarakimu mpaka vionyeshe alichosoma, akabonyeza kitufe chekundu. Kisanduku kikaandika kwamba mtu alikuwapo. Na magugu ya mtoni, yale tunayoyaita Kongo ya sika, yakikwama kwenye kidebe, alishuka ngazi kuyaondoa.

Alhamisi moja ya Novemba, mto umefura kwa mvua, Sumaili alivaa kanzu yake, akapanda baiskeli ya mradi, akaenda kazini. Hakurudi. Baiskeli nayo haikuonekana. Kufikia Jumamosi Kalume alikuwa na jibu kamili: mtu amekimbilia mji wa Kama kwenye machimbo ya dhahabu, juu ya baiskeli ya serikali. Wengi waliamini, na siwalaumu sana. Wanaume wangapi wa Kindu walitoka asubuhi kununua sigara, wakaja kuonekana machimboni Kampene wamepakaa udongo mpaka masikioni?

Lakini kwa Mwanvua hayo hayakuwa maneno ya kupita. Mke aliyefiwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Watu wanakuja, matanga yanawekwa, Kurani inasomwa, halafu pole pole anarudi duniani. Mke wa mtoro hana matanga. Shehe alimwambia kwa upole kwamba bila maiti na bila ushahidi hawezi kumswalia mtu anayesemwa yuko Kama anachimba. Basi Mwanvua hakuwa mjane na hakuwa mke. Watoto wake wawili waliitwa shuleni watoto wa mwizi wa baiskeli. Alikonda mpaka pete ya ndoa akaifunga uzi ili isidondoke, na mimi nilipomwona hivyo nilitamani kumrarulia Kalume abakosi yake.

Na kulikuwa na lingine. Tangu Sumaili apotee, wavuvi walianza kusema kwamba jua likizama kuna kitu cheupe kinaingia kijumbani na kutoka. Hakina taa, hakisemi. Wengine walisema kina urefu wa mtu, wengine wakasema ni zaidi. Mwezi haukuisha, hakuna aliyepita pale baada ya adhana ya Magharibi.

Hamadi aliikubali kazi. Alinieleza usiku, tukiwa tumelala, kwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. "Ile kitufe inaandika siku na saa, Jamila. Tukipata siku ya mwisho aliyobonyeza, tutajua alikuwa kazini ao alikuwa njiani. Njo ushahidi shehe anatafuta."

"Na kama ikisema alikimbia?"

"Basi itasema alikimbia. Mimi ni fundi wa waya, si fundi wa majibu."

Asubuhi nilimpelekea Mwanvua habari hiyo mbio mbio, nikidhani atanirukia kwa furaha. Alishika ukingo wa kinu. Midomo yake ikawa rangi ya majivu. "Kisanduku iko na kumbukumbu?" akauliza. "Yote? Siku kwa siku?" Nilikasirika kidogo, nikajisemea moyoni, au na yeye anaamini kwamba mume wake ni mwizi? Sikumuuliza, na lilikuwa kosa langu.

Kutengeneza waya kulimchukua Hamadi siku nne. Kisanduku kilikuwa na tundu la mviringo lenye mashimo matano, na plagi ya namna hiyo haikupatikana Kindu wala mbali zaidi. Akakata spoku za baiskeli vipande vitano, akavichonga kwa tupa, akavipanga kwenye kipande cha mpira wa tairi alichokitoboa kwa msumari wa moto. Waya aliupata kwenye simu ya zamani. Alitaka nyuzi tatu tu.

"Mashini na kisanduku ni kama batu wawili," alinieleza huku akipuliza makaa yangu. "Kila mumoja iko na kinywa na sikio. Kinywa ya huyu uifunge kwa sikio ya yule, na kinywa ya yule kwa sikio ya huyu. Uzi wa tatu ni masi, ile ardhi wanasimama wote wawili. Ukikosea, watasemezana kinywa kwa kinywa, na hakuna atasikia."

"Kama mimi na wewe," nikamwambia. Akacheka, jambo la nadra.

Alikwenda kijumbani mara mbili na kipima umeme chake kutafuta kinywa kiko wapi. Shimo ambalo sindano ilicheza ndilo lililokuwa likisema. Shimo lililokuwa kimya ndilo sikio. Na lililoshikana na bati la kisanduku lilikuwa masi. Alirudi mara ya pili, akaketi bila kugusa waya. Nilipombana, alisema vigurudumu vya tarakimu havina vumbi. Kila kitu mle ndani kilikuwa na vumbi la miezi miwili, isipokuwa kitufe chekundu na njia ya miguu kutoka mlangoni.

"Ya miguu gani?"

"Peku," akasema. "Midogo."

Sikulala vizuri.

Jumatatu asubuhi tulishuka mtoni. Kalume alikuja na mashini na jenereta ndogo juu ya toroli. Mashini yenyewe ilikuwa na vibonyezo kama taipu na karatasi ndefu ya kukunjwa, ila haiandiki unachobonyeza; inaandika tu inachosikia kwenye waya. Mimi nilibeba mbabula, na Mwanvua nilimvuta kwa mkono. Alikuwa amejifunga shuka nyeupe.

Hamadi alichomeka upande wa mashini, akachomeka upande wa kisanduku, akabonyeza herufi. Ikaandikwa. Akabonyeza nyingine. Ikaandikwa.

"Inajibu!" Kalume akapiga kelele. "Iulize jina yake!"

Hamadi, ambaye hakujua kuuliza mashini kwa lugha gani, aliandika neno la kwanza lililomjia: SUMAILI. Na karatasi ikajibu, herufi baada ya herufi, bila haraka: SUMAILI.

Mwanvua alitoa sauti ndogo. Kalume akarudi hatua mbili mpaka mgongo ukagonga matofali. Mimi sina subira na mambo ya namna hiyo. Nikiogopa, mikono yangu hufanya kazi yenyewe. Nilishika ile plagi ya spoku, nikaing'oa kwenye kisanduku.

"Uliza sasa," nikamwambia Hamadi.

Aliandika tena. Kisanduku kilikuwa kimetengwa kabisa, plagi iko mkononi mwangu inaning'inia. Na karatasi ikaandika: SUMAILI.

Nakiri kwamba niliitupa ile plagi chini na kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Hamadi peke yake ndiye aliyeinama. Alifungua plagi ya upande wa mashini, akaikaribisha kwenye jicho, kisha akaguna kama anavyoguna akikuta mende ndani ya redio. Tone moja la lehemu lilikuwa limetambaa kutoka mguu wa pili hadi wa tatu. Kinywa cha mashini kilikuwa kimeshikana na sikio lake yenyewe.

"Ilikuwa inajisikia," akasema. "Tulikuwa tunasema peke yetu." Alichoma chuma kwenye mbabula, akalitenganisha lile tone. Kalume alijifuta uso na kuanza kucheka kwa nguvu. Mwanvua hakucheka.

Mara ya pili kisanduku kilisema kweli, lakini kilisema wazimu: alama, mikwaju, nyota, herufi zimepandana, mistari na mistari. Ndani ya kile kijumba, na *tik* yake, ilionekana kama mtu anayesemea usingizini. Hamadi alisema wanasemezana kwa kasi mbalimbali, mmoja anakimbia na mwingine anatembea. Alisogeza swichi ya mashini upande wa pole pole.

Zikatoka tarakimu.

Zilikuwa safi, kila mstari na tarehe yake, saa yake na kipimo cha maji. Palipobonyezwa kitufe, mwisho wa mstari kulikuwa na nyota na tarakimu tatu za mkono. Karatasi ilishuka, ikajikunja miguuni petu, na Kalume akawa anatafuta nyota ya mwisho. Alitafuta Novemba. Akaenda Desemba. 

"Haiishi," akasema.

Nyota ilikuwapo siku ya pili baada ya Sumaili kupotea. Ilikuwapo siku ya tatu. Ilikuwapo kila siku mpaka jana, na kila mara saa zile zile: sifuri na dakika kumi, sifuri na dakika kumi na mbili.

"Sifuri ni saa sita ya usiku!" Kalume hakuwa tena mkubwa wa mradi, alikuwa Ferdinand mtoto wa mtu. "Muntu gani anakuja mtoni saa sita ya usiku, kila siku? Miezi miwili?"

 Kisanduku kikapiga *tik*, sote tukashtuka.

Mimi nilikuwa naitazama ile sifuri. Nikakumbuka saa ya mkono ya Sumaili, ambayo watu wote wa msikitini waliifanyia mzaha. Kila jioni, adhana ya Magharibi ikilia, aliirudisha mishale kwenye kumi na mbili, vile babu yake aliyekuja na misafara kutoka pwani alivyofanya. Kwake siku ilikuwa inaisha jua likizama, na siku mpya inaanzia hapo hapo. Alhamisi ikichwa, tayari ni usiku wa Ijumaa.

"Nani aliweka saa ya hii kintu?" nikauliza.

"Sumaili mwenyewe," Kalume akasema. "Mwaka jana, betri ilikufa, Muzungu hakuwa tena."

"Basi sifuri si saa sita ya usiku. Sifuri ni Magharibi."

Kalume alishusha pumzi. Hamadi hakushusha. Alikuwa ameshageuka, anamtazama Mwanvua miguu. Alikuwa peku, na miguu yake ni midogo.

"Shemeji," akamwambia taratibu. "Njo wewe?"

Mwanvua alikaa chini kwenye sakafu yenye vumbi, akajifunika uso kwa shuka. Alilia kwanza, kisha akaeleza. Sumaili alimwambia siku nyingi: kitufe hiki ndicho kazi yangu, siku kisipobonyezwa, siku hiyo mimi sikuwapo. Alipopotea, Mwanvua alijiambia kwamba asipokuwapo kwenye kisanduku ndipo watakapomwandika mtoro. Basi kila Magharibi, watu wakiwa wameinama kuswali, alishuka ngazi, akabonyeza, akarudi. Alimweka mume wake kazini siku hamsini na ngapi sijui.

"Sasa nimeharibu," akasema. "Hamuwezi kujua ya kwake na ya kwangu. Mimi njo nimemuzika."

Kalume, na hili namhesabia wema, hakumkemea. Nami moyo uliniuma, maana ilikuwa kweli: nyota zote zilifanana. Ushahidi alioutafuta kwa miezi miwili alikuwa ameufuta kwa kidole chake mwenyewe.

Hamadi alipiga magoti, akaitandaza karatasi. Alikuwa na ule uso wake wa kuisikiliza redio iliyozimwa.

"Ulipobonyeza, ulizungusha tarakimu?" akamuuliza.

"Sijui kusoma ile nguzo. Niliziacha vile aliziacha."

Hamadi aliweka kidole kwenye nyota ya jana: 412. Ya juzi: 412. Akapanda na karatasi juu, wiki baada ya wiki, maji yamepanda na kushuka, na tarakimu za mkono zimesimama pale pale, 412, 412, 412. Alifika Ijumaa ya Novemba, sifuri na dakika kumi, ndiyo Alhamisi jioni ile. Nyota: 412. Na kipimo cha kisanduku chenyewe, mstari huo huo: mita nne na kumi na mbili. Siku moja nyuma yake: 405. Nyuma zaidi: 398. Zile za nyuma zilikuwa zinakwenda na maji, kila siku na yake.

"Hii ni ya kwake," Hamadi akasema. "Alisoma mwenyewe. Magharibi ile alikuwa hapa, anafanya kazi. Mutoro hasomi maji."

Nilimkumbatia Mwanvua. Nililia kwa furaha, sioni haya. Kwa hiyo sikuona wakati ule kwa nini Hamadi hakunyanyua kichwa. Kidole chake kilikuwa kimeshuka mistari mitano chini ya nyota ile, na kilikuwa kimesimama.

Nilisoma juu ya bega lake. Najua kusoma tarakimu, masista walinifundisha. Sifuri na robo, maji yalikuwa mita nne na kumi na mbili. Sifuri na nusu: tatu na thelathini na moja. Robo iliyofuata: tatu na ishirini na tisa. Halafu tatu na arobaini. Tatu na thelathini na tano. Tatu na hamsini na mbili. Kisha, mstari mmoja baadaye, nne na kumi na tatu, kama kawaida, na kuendelea hivyo usiku kucha.

Mto Lualaba haushuki vile ukapanda ndani ya saa moja. Maji hayakushuka. Kidebe ndicho kilichoshushwa. Kitu kizito kilining'inia juu yake, kikakizamisha, kikalegea, kikakizamisha tena. Mtu aliyeshuka ngazi kuondoa magugu akateleza, kanzu ikajaa maji, mkondo ukamkatalia ukingo, na akapata kitu kimoja tu cha kukumbatia. Alikikumbatia mistari mitano. Zaidi ya saa nzima. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta pale juu, mpaka mpita njia asiyemwogopa Mungu akaichukua.

Nilimtazama Hamadi, naye akanitazama. Halafu Kalume akainama, na yeye akasoma. Niliona macho yake yakihesabu. Nilijitayarisha kumrukia.

"Inasema nini?" Mwanvua akauliza kutoka chini. "Ilikuwa namna gani?"

"Inasema aliteleza," Hamadi akajibu. "Baada ya kubonyeza tu. Kidebe ilitikisika mara moja, basi. Maji ilikuwa na nguvu, shemeji. Hakukawia."

Mume wangu huyo, aliyesema si fundi wa majibu. Na Kalume akaikunja karatasi kwa uangalifu, ile mistari mitano ikaingia ndani ya mkunjo, akaitia mfukoni mwa abakosi. "Njo vile," akasema. "Mara moja tu. Nitaandika alikufa kazini." Tangu siku hiyo sikumsema tena vibaya, ingawa sababu alinipa nyingi.

Shehe alikubali. Alisikiliza habari ya kanzu, ngazi na tarakimu, akauliza maswali mawili, akatoa fatiha. Sumaili aliswaliwa bila mwili, msikiti ukajaa mpaka uani. Shehe alimwambia Mwanvua kwamba kwa hesabu ya marehemu mwenyewe amekufa usiku wa Ijumaa, na anayekufa usiku huo kaburi halimbani. Eda ikahesabiwa tangu pale. Ilibaki kama miezi miwili na nusu, akaikaa yote. Alianza kula. Uzi kwenye pete aliutoa.

Nilikwenda kukaa naye kila mchana. Siku moja, mwezi wa pili, tulikuwa tunachagua mchele kwenye ungo, yeye akiwa mtulivu kuliko nilivyomwona tangu Novemba.

"Jamila," akasema, "Hamadi ana hakika? Ilikuwa Magharibi pale pale, mara moja?"

"Mara moja."

"Alhamdulillahi. Sasa naweza kukuambia." Aliendelea kuchagua. "Siku ile batu wote, hata ninyi, walienda kwenye dansi ya chama kule uwanjani, mutaa ulikuwa mutupu, mpaka mto inasikika. Mimi sikuenda, mutoto alikuwa na homa. Niko jikoni, Magharibi imepita, Isha haijafika, nasikia muntu anaita jina yangu huko mtoni. Mwanvua. Anapumzika, anaita tena. Ilikawia sana. Na unajua vile mama zetu walitufundisha: ukiitwa jina mtoni jua imezama, usiitike, njo jini ya maji anatafuta mwenzake. Nilifunga mulango. Nikasoma Kul-audhu mpaka ile sauti ikaisha."

Vidole vyangu vilikuwa ndani ya mchele, na sikuvihisi.

"Miezi yote hii nilikuwa najiuliza," akasema. "Nikishuka kubonyeza ile kitufe nilikuwa naogopa nisisikie tena. Lakini kama alikwenda mara moja, Magharibi ile ile, basi haikuwa yeye."

"Haikuwa yeye," nikasema.

Alitabasamu, akapepeta ungo, akaniomba nimpelekee shemeji yake shukrani kwa kazi ya waya. Nilizifikisha jioni hiyo hiyo, pamoja na maneno mengine yote. Hamadi alisikiliza mpaka mwisho, akaosha mikono, na chakula hakukigusa.